Mkopo wa Nyumba Wenye Bima ya Serikali Marekani: Idhini ya Jengo, Arubuni na Hukumu ya Sharia

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim. Kila sifa njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na Sala na Salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Maswahaba zake wote. Amma baad:

Tumeletewa swali na ndugu yetu anayeishi Columbus, Ohio. Yeye, mkewe na watoto wao wanne wanakaa nyumba ya kupanga, na kodi inapanda kila mwaka. Wameipenda nyumba katika jengo jipya la kondominiamu, bei yake dola 250,000. Muuzaji amewaambia watapata mkopo "wa serikali" kwa malipo madogo ya awali, mradi waweke arubuni ndani ya siku kumi. Ndugu yetu anauliza: idhini ya mkopo huu inapatikana vipi? Na je, kwa kuwa serikali imeuwekea bima, umekuwa halali?

Tutaanza na swali la kwanza, kwani wanazuoni wametufunza kuwa huwezi kukihukumu kitu kabla ya kukifahamu.

Nani anakopesha na nani analindwa

Mamlaka inayohusika ni ile ijulikanayo kwa herufi FHA. Ilianzishwa mwaka 1934, na tangu 1965 iko chini ya wizara ya nyumba ya Marekani, yaani HUD. Watu wengi hudhani FHA inatoa fedha. Sivyo. Anayekopesha ni benki au kampuni ya mikopo, kwa riba yake. Kazi ya FHA ni kumwekea bima huyo mkopeshaji: mkopaji akishindwa kulipa na nyumba ikauzwa kwa hasara, mkopeshaji anafidiwa.

Na ada ya bima hiyo hulipwa na mkopaji. Mwenye alama za mkopo 580 na kuendelea anaweza kutoa malipo ya awali ya asilimia 3.5. Kwa ndugu yetu hizo ni dola 8,750, na mkopo unakuwa dola 241,250. Juu yake huongezwa ada ya mwanzo ya asilimia 1.75, yaani takriban dola 4,222, ambayo kwa kawaida huingizwa ndani ya mkopo na kuzaa riba pamoja nao. Kisha kuna ada ya kila mwaka. Kwa mikopo mingi ya aina hii ni asilimia 0.55, sawa na dola 110 hivi kwa mwezi katika mwaka wa mwanzo. Aliyetoa malipo ya awali chini ya asilimia 10 hulipa ada hii muda wote wa mkopo. Na baada ya yote hayo, akishindwa kulipa, bima haimwokoi yeye. Nyumba inamtoka.

Jengo nalo linahitaji idhini

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Katika kondominiamu mtu anamiliki nyumba yake ya ndani, lakini paa, ngazi, kuta za nje na kiwanja ni mali ya wote, chini ya jumuiya ya wamiliki. Aliyewahi kukaa majumba ya Michenzani anaelewa haraka: bomba la juu likipasuka, wa chini ndiye anayeloa. Kwa hiyo FHA haitosheki kumchunguza mnunuzi na mshahara wake. Inalichunguza jengo zima.

Inatazama bajeti ya jumuiya, na hutaka angalau asilimia 10 itengwe kuwa akiba ya matengenezo makubwa. Inatazama bima ya jengo, kesi zilizoko mahakamani, wamiliki wangapi wamechelewa kulipa michango, na wangapi wanakaa wenyewe badala ya kupangisha. Si urasimu mtupu. Juni 2021 jengo la kondominiamu liliporomoka Surfside, Florida, na watu 98 wakafariki. Matengenezo yake makubwa yalikuwa yamecheleweshwa huku wamiliki wakivutana juu ya gharama.

Kwa jengo jipya kuna mambo matatu ya kuzingatia. La kwanza, idhini huombwa kwa ajili ya mradi wenyewe, na mjenzi akisema "tumeshaomba" hajasema "tumepata". HUD ina orodha iliyo wazi kwa kila mtu kwenye intaneti; jina la mradi litafutwe humo, na tarehe ya mwisho wa idhini isomwe, kwani idhini hudumu miaka mitatu. La pili, mradi unaojengwa kwa awamu unaweza kuidhinishwa awamu moja tu. Jengo la kwanza kuwamo katika orodha hakumaanishi la pili limo. La tatu, tangu Oktoba 2019 umerudishwa utaratibu wa kuidhinisha nyumba moja moja katika jengo lisilo na idhini, lakini utaratibu huo ni kwa mradi uliokwisha kukamilika. Jengo ambalo mafundi bado wamo ndani lisitegemewe kupita mlango huo.

Arubuni na hatari yake

Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu arubuni. Jumhuri wameikataza, na madhehebu ya Hanbali yameiruhusu. Nayo Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa iliijuzisha mwaka 1993 kwa sharti muda wa kungoja uwekwe bayana.

Mkataba wa mauzo ya nyumba inayonunuliwa kwa mkopo wa FHA huwekewa kifungu kinachomruhusu mnunuzi kujitoa na kurudishiwa arubuni yake iwapo tathmini ya nyumba itakuwa chini ya bei waliyokubaliana. Lakini kifungu hicho kinahusu thamani, hakihusu jengo kukosa idhini. Sharti hilo la pili liandikwe waziwazi katika mkataba wa mauzo kabla ya kutoa hata dola moja. Muuzaji akikataa kuliandika, basi hata yeye hana uhakika na idhini anayoiahidi.

Hukumu ya mkopo wenyewe

Bima ya serikali haibadilishi asili ya mkataba. Mtu amekopeshwa fedha na analazimika kurudisha fedha zaidi; hiyo ndiyo riba iliyoharamishwa katika Suratul Baqara, aya ya 275 hadi 279, na hadithi ya Jabir katika Sahih Muslim inamwingiza katika laana mlaji wa riba na mlipaji wake pia. Majmaa ya Fiqhi ilipokutana Jeddah mwaka 1990 iliyajadili makhsusi mafungu ya kujengea na kununulia nyumba, ikasema mikopo ya riba kwa ajili hiyo ni haramu, ikataja na njia mbadala.

Tunalazimika kueleza kwa uadilifu kuwa Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, mwaka 1999, liliruhusu Waislamu wa huko kununua nyumba kwa mkopo wa riba kwa sababu ya haja, na likaweka masharti: iwe nyumba ya kukaa mwenyewe na familia yake, asiwe na nyingine, na asiwe na njia nyingine ya kuipata. Wanazuoni wengi waliwapinga, wakisema anayepata nyumba ya kupanga hajafika kwenye dharura. Sisi tunaelekea kwenye kauli hii ya pili. Hata kwa wale walioruhusu, sharti la kukosa njia nyingine ni zito, na Marekani njia nyingine zipo.

Zipo taasisi zinazouza nyumba kwa ushirika unaopungua: mnunuzi na taasisi wanaimiliki kwa pamoja, naye ananunua hisa zao kidogo kidogo huku akilipia matumizi ya sehemu yao. Ndugu yetu aulize kama zinafanya kazi Ohio, asome nani anabeba hasara nyumba ikiteketea, na ajue kuwa nazo pia zitalichunguza jengo. Malipo ya awali yanaweza kuwa makubwa zaidi, na hilo huenda likamaanisha kungoja miaka miwili au mitatu.

Nasaha zetu

Siku kumi za muuzaji zisimharakishe. Kabla hazijaisha atafute jina la mradi na awamu yake katika orodha ya HUD, aulize taasisi za ushirika, na mkataba wowote aupeleke kwa mwanasheria na kwa mwanazuoni wa mji wake anayejua hali yake. Asipopata njia ya halali sasa, kuendelea kupanga si aibu wala si kufeli kwa mzee wa nyumba. Watoto wanaokulia katika nyumba ya kupanga isiyo na riba hawajapungukiwa kitu mbele ya Mola wao.

Tunamuomba Allah amfungulie ndugu yetu na kila mwenye haja mlango wa halali ulio mpana.

Wa billahi tawfiq, wallahu a'lam.