Sura ya Tano: Kura ya Lazima ni Deni la Nani?

Mwaka 1922 Waaustralia walipochagua wabunge wao, waliojitokeza hawakufika asilimia 60 ya walioandikishwa. Miaka miwili baadaye seneta wa Tasmania, Herbert Payne, alipeleka muswada binafsi wa kumlazimisha kila aliyeandikishwa apige kura. Ulipita haraka, karibu bila mjadala. Katika uchaguzi wa 1925 waliopiga kura walifika asilimia 91.

Mtu anaweza kudhani walitishwa. Faini ya sasa ni dola 20, na hata hiyo haiji ghafla. Asiyepiga kura hutumiwa kwanza barua ya kumwuliza sababu. Alikuwa mgonjwa? Alikuwa nje ya nchi? Sababu ikikubalika, yamekwisha. Asiye na sababu hulipa, na anayepuuza barua ndiye huishia mahakamani. Sidhani kama dola 20 peke yake zinatosha kuwatoa mamilioni ya watu majumbani.

Sheria hiyo ina upande wa pili, ambao wanaoisifu na wanaoilaani huusahau. Serikali ikishasema ni kosa kutopiga kura, haina tena uso wa kumwacha mtu ahangaike kutafuta kituo. Kura hupigwa Jumamosi. Ukishindwa kufika kituo cha karibu na kwako, utapiga kwenye kingine chochote ndani ya jimbo. Ukiwa na safari, kuna kura ya mapema na ya posta. Maofisa hupeleka masanduku hospitalini na kwenye nyumba za wazee, na jamii za mbali jangwani hufuatwa huko huko kwa gari au ndege ndogo. Vituo vingi huwa shuleni, na hapo nje wazazi huchoma soseji na kuziuza ndani ya kipande cha mkate, pamoja na vitunguu, ili kuchangia shule. Kwenye kambi za Antaktika kura inapigwa, lakini si lazima, kwa sababu usiri wake hauwezi kuhakikishwa. Pale serikali inaposhindwa kutimiza wajibu wake, haimdai raia atimize wa kwake.

Haikuwa hivyo kwa wote. Wenyeji asilia wote walipata haki ya kupiga kura za kitaifa mwaka 1962 tu, na ilikuwa 1984 ndipo kujiandikisha kukawa lazima kwao kama kwa wengine.

Pingamizi zito zaidi ni la dhamiri. Mwaka 1926 msoshalisti Ernest Judd alijitetea katika Mahakama Kuu ya nchi hiyo kwamba wagombea wote walikuwa watetezi wa ubepari, basi hakuwa na wa kumchagua. Alishindwa, ingawa jaji Higgins aliwapinga wenzake. Hoja ya Judd naiheshimu, ila siikubali: kura ni siri, na hakuna awezaye kumzuia mtu kukunja karatasi tupu na kuitumbukiza sandukuni.

Wanaotamani sheria hii Kenya au Tanzania waanze na wajibu wa serikali. Kwetu kwa kawaida unapiga kura kituo ulikojiandikisha. Kibarua wa Mombasa aliyeandikishwa Kakamega anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na ujira wa siku atakazokosa kazini. Kuna pia muuguzi wa zamu, mgonjwa aliyelazwa na dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya mpakani Malaba. Faini ikipitishwa leo, hao ndio watakaokuwa wa kwanza kuandikiwa barua.