Santuri Hazikufa, Aliyekosekana ni Msomaji

Marehemu baba, Mungu amrehemu, aliniachia msahafu wake na kasha la mbao lenye santuri arubaini na mbili. Msahafu ningali nao. Santuri zimebaki kumi na moja. Nyingine thelathini na moja nilizigawa kwa mkono wangu mwenyewe, nikidhani zimekufa. Kumbe hazikufa. Jambo hilo nimekuja kulijua nikiwa Nakuru, mbali na bahari, na ninalisimulia hapa ili msomaji mwenye kasha kama langu asije akajuta kama nilivyojuta mimi.

Nyingi katika santuri hizo zilikuwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zenye chapa ya Mzuri, zilizotolewa na duka la Assanand pale Mombasa. Humo mlikuwa na Juma Bhalo, Zein l'Abdin na Matano Juma. Rediogramu ya baba ilikuwa imekwisha kuliwa na hewa ya chumvi, ikatupwa. Basi mimi nikanunua kinanda kipya cha kuchezea santuri, na amplifaya mpya ya kupendeza yenye taa za buluu. Aliyeniuzia aliniambia, "Chomeka, usikilize." Nikachomeka.

Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mbu aliyefungiwa ndani ya chupa. Udi haukuwa na nyuzi nene, dumbaki ikilia kama ukucha juu ya sahani ya bati, na mwimbaji kama aliye ng'ambo ya pili ya kivuko. Nilipoongeza sauti, kilichoongezeka ni mchakato. Nikasema moyoni: sindano za miaka mingi zimezila, hazina kitu tena. Waliozitaka nikawapa. Wako waliozitundika ukutani kuwa pambo, na wako watoto waliozirusha uwanjani kama visahani.

Mwaka ule ule nikaenda Nakuru kwa arusi, mtaa wa Bondeni. Asiyeujua na aujue: Bondeni ni mtaa wa zamani wa Waislamu wa mji ule. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na pamoja na reli wakaja watu wa pwani na wengineo, wakajenga, wakaswali, wakazikana huko. Hapo yupo mzee mmoja aliyekuwa sahibu wa baba yangu. Mimi humwita Ami. Baada ya chakula akanishika mkono akanipeleka chumbani kwake.

Jina la Nakuru, kama wasemavyo wenyeji, limetoka katika Kimaasai, na maana yake ni mahali pa vumbi. Na vumbi ndiye adui mkubwa wa santuri. Basi Ami amefunika mashine zake kwa vitambaa vyeupe kama mtu afunikavyo chakula cha futari, na kila santuri huipangusa kwa brashi laini kabla ya kuilaza. Akaweka ya Juma Bhalo, moja katika zile nilizozigawa. Wallahi nilisikia kidole kikiugusa uzi, na pumzi ya mwimbaji kabla ya kutamka. Dumbaki ilinipiga kifuani.

Nikamwambia, "Ami, hii yako ni mpya. Yangu ilikuwa imekwisha."

Akauliza, "Waya wa kinanda uliuchomeka tundu gani?"

"Lile lililokuwa wazi."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, ulimpa barua ya baba yako mtu asiyejua kusoma. Naye akakwambia karatasi ni tupu."

Hapo ndipo aliponifundisha habari ya kitu kiitwacho fono, nami nitaieleza kama nilivyoielewa. Sauti katika santuri imeandikwa kwa mfereji mwembamba, na sindano hupita humo ikitikisika. Lakini sauti haikuandikwa kama ilivyo. Sauti nene hutaka mfereji mpana; lau ingeandikwa kwa ukubwa wake, mifereji ingeingiliana, sindano ingeruka, na santuri isingechukua ila dakika chache. Kwa hiyo wakati wa kuandika, sauti nene hupunguzwa. Sauti nyembamba nayo hukuzwa, ili ipande juu ya mchakato wa santuri yenyewe. Kipimo chake kilikubaliwa na watengenezaji wa Marekani mwaka 1954, na ulimwengu ukakifuata: sauti nene kabisa hupunguzwa karibu mara kumi, na nyembamba kabisa huongezwa karibu mara kumi.

Basi yule asomaye lazima arudishe kila kitu mahali pake: kilichopunguzwa akiongeze, kilichoongezwa akipunguze. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya fono. Sisi tuliosoma chuoni hatuoni ajabu. Wazee wetu waliandika tenzi kwa hati ya Kiarabu, na mara nyingine bila irabu. Asiyejua Kiswahili huona konsonanti tupu. Ajuaye hurudisha irabu kwa ulimi wake, na utenzi ukasimama wima.

Kazi ya pili ni kukuza. Sindano ya kawaida ya sumaku hutoa umeme wa milivolti tano hivi. Zile za koili, wazipendazo mabingwa, hutoa kidogo zaidi: ile ya Denon iitwayo DL-103, iliyobuniwa Japani miaka ya 1960 kwa ajili ya vituo vya redio, hutoa sehemu tatu za kumi za milivolti. Umeme wa ukutani kwetu ni volti 240. Pigeni hesabu: huo wa ukutani ni mkubwa mara laki nane. Na vyote viwili vinapita katika kijisanduku kimoja! Fono hukikuza kile kidogo mara mia kwa sindano ya sumaku, mara elfu kwa sindano ya koili, bila kuruhusu mvumo wa kile kikubwa uingie. Ndiyo maana kinanda kina kijiwaya chembamba cha ardhi. Usipokifunga, utasikia ng'uuu isiyokoma.

Zamani karibu kila amplifaya ilikuwa na fono tumboni mwake. Kaseti na sidii zilipoenea, watengenezaji wengi wakaiondoa, kwani hivyo havikuihitaji. Amplifaya yangu yenye taa za buluu haikuwa nayo. Ndiyo siri yote ya yule mbu wangu wa chupani.

Nikamwuliza Ami juu ya bei. Mashine yake kubwa ni Quad ya Uingereza, ya zile taa za kioo ziitwazo vali, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1953. Aliipata kwa mnada wa shamba moja la mzungu aliyekuwa akihama. Alisema ziko fono za bei ndogo, na ziko za bei ya gari jipya. Zile za ghali hutenga umeme katika sanduku la mbali, vipuri vyake huchaguliwa kimoja kimoja vilingane, na kila sindano hutengewa kipimo chake. Tofauti ipo, na sikio zuri huisikia. "Lakini," akasema, "kati ya kutokuwa na fono na kuwa na ile ya bei ndogo, mna bahari. Kati ya ndogo na ghali, mna kijito. Usiuze ng'ombe ili uvuke kijito." Mimi naongeza kwamba israfu ni israfu, hata ikiwa ndani ya sanduku linaloimba.

Mtu asidhani watu wa Bonde la Ufa waliyajua mambo haya jana. Mjini Kericho ilikuwapo kampuni ya Chandarana, iliyotoa santuri za wanamuziki wa magharibi ya Kenya. Na kabla ya hapo, Wakipsigis walisikia kwenye gramafoni sauti ya Mmarekani Jimmie Rodgers, aliyefariki 1933. Jina lake likawa Chemirocha katika vinywa vyao, naye wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu paa. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet akawarekodi wasichana wakimwimba kiumbe huyo. Sauti hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, na katika miaka ya 2010 zikarudishwa kwa wenyewe. Zilirudi kwa kuwa aliyezihifadhi alikuwa na chombo cha kuzisomea.

Najua wako wasomaji ambao taarabu kwao si jambo la kushughulikia. Nao wakumbuke kuwa Kurani nzima kwa tartili, aliyoisoma Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, ilitolewa mwaka 1961 katika santuri. Mwenye kurithi santuri kama hizo akazitupa kwa kudhani zimekufa, atajibu nini?

Niliporudi Mombasa nilinunua fono ndogo, bei yake haikufika ya mbuzi wawili. Kumi kati ya zile kumi na moja zililia vizuri. Moja tu ndiyo iliyochakaa kweli. Kisha nikaenda nyumba kwa nyumba kuzitafuta zile thelathini na moja. Nilizikuta tatu: mbili zimetobolewa misumari, ya tatu imegeuzwa saa ya ukutani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kutupa, geuza amplifaya yako utazame nyuma. Ukiona tundu lenye neno Phono, hapo ndipo mahali pa kinanda. Usipoliona, tafuta kijisanduku chake. Na kama unazo zile nzito za mizunguko 78, usizisome kwa sindano ya 45. Mfereji wake ni mpana, wataka sindano yake. Nyingi za hizo ziliandikwa kabla ya kipimo cha 1954, kama zile za Siti binti Saad alizorekodi Bombay mwaka 1928, na fono ya leo huzisoma kwa lafudhi isiyo yake. Mashine nyingi za miaka ya 1950 zilikuwa na vitufe vya kuchagua kipimo cha kila zama. Ukiwa nayo moja stoo, usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Mpelekee fundi aliye mzee, ungali ukimpata.