Cheti Alikuwa Nacho, Hilimu Hakuwa Nayo

Mpwa wangu alipomaliza chuo kikuu akapelekwa kufundisha hesabu katika shule moja ya sekondari upande wa Makueni, sisi Mombasa tulimsomea maulidi. Muhula wa pili haujaisha, nikapata habari kwamba wazazi wamemlalamikia. Mwanafunzi akikosea ubaoni hutukanwa mbele ya wenzake, na mwalimu mkuu ameshatoa barua ya onyo. Nikapanda basi hadi Emali, na hapo nikashika matatu ya Wote.

Nilimkuta amenuna. "Mjomba, watoto hawa hawataki kusoma." Sikumjibu. Mimi mwenyewe ujanani nilimtupia msimamizi wangu daftari la hesabu, na kazi ya ukarani ikanitoka siku ile ile.

Jumamosi tulialikwa kwenye mwethya. Ndivyo Wakamba waitavyo kazi ya pamoja, na katika Kitui na Makueni ni desturi ya zamani. Safari hii walikuwa wakijenga bwawa la mchanga: ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto wa msimu na kukita kwenye mwamba. Mvua ikija, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha humo jua lisiyafikie. Kiangazi watu huchimba kidogo tu wakateka.

Penye mawe na jua kali ugomvi haukosi. Wanaume wawili walianza kurushiana maneno, mmoja akidai mwenzake huchelewa kila siku. Mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima, hakupaza sauti. Alimwita yule mchelewaji kando, akamwuliza nyumbani kuna nini. Kumbe mkewe ni mgonjwa. Akampa kazi ya kuchanganya saruji, ambayo huanza baadaye, na yule mlalamishi akainama kwa haya. Mama huyo, niliambiwa, aliishia darasa la nne.

Mpwa wangu alimtazama sana.

Wataalamu wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliliita jambo hili akili ya hisia mwaka 1990, na Daniel Goleman akalieneza kwa kitabu chake cha 1995. Maana yake ni kuitambua hasira yako kabla haijatoka mdomoni, na kuyasoma yaliyo moyoni mwa mwenzio. Wako wanaosema Goleman alitia chumvi, nami nakubaliana nao, kwani asiyejua hesabu hataifundisha kwa upole peke yake. Lakini sisi hilimu tulifundishwa chuoni tungali wadogo, na wengi wetu tukaiacha pale pale jamvini.

Jumatatu mpwa wangu alimwita kijana aliyekuwa akimtukana zaidi, akamwuliza habari za kwao. Kijana huyo huteka maji mbali kabla ya kwenda shule, ndiyo maana husinzia.

Barua ya onyo ingali katika faili, na mwisho wa mwaka ndipo itakapoamuliwa kama atabaki. Juzi alinipigia simu kuniuliza mfuko wa saruji huku kwetu ni bei gani.