Majani Yaliwayo Mabichi: Usalama Wake Tangu Mbegu Hadi Sahani

Mboga nyingi tunazokula hupita jikoni, na moto wa jiko huua vijidudu vingi vilivyotoka shambani. Majani ya saladi, giligilani, mnanaa na mrehani hayapati kinga hiyo. Huchumwa, huoshwa na kuliwa yakiwa mabichi, iwe katika kachumbari au juu ya pilau. Kwa sababu hiyo, usalama wake hutegemea mambo yaliyotangulia sahani: mbegu, udongo na maji. Mlaji anayeotesha majani haya nyumbani anaweza kuyasimamia mambo hayo yeye mwenyewe, hata kama eneo alilo nalo ni kibaraza tu.

Kuchagua mbegu

Nunua mbegu iliyo ndani ya pakiti iliyofungwa, kutoka duka la pembejeo linalotoa risiti. Nchini Tanzania, ubora wa mbegu husimamiwa na Taasisi ya TOSCI, na mbegu iliyothibitishwa huwa na lebo ya Taasisi hiyo. Soma jina la zao na la aina yake, kiwango cha uotaji, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Pakiti iliyokaa juani mbele ya duka iache, hata kama tarehe yake haijapita, kwani joto na unyevu hupunguza uhai wa mbegu. Jihadhari pia na mbegu zinazopimwa kwa kijiko kutoka kopo lililo wazi. Umri na asili yake havijulikani.

Baadhi ya mbegu hupakwa dawa ya kuzuia ukungu, kisha hutiwa rangi, kama vile ya waridi au ya kijani, ili zitambulike. Hizo ni za kupanda tu. Zisitumiwe kama kiungo, wala zisilishwe kuku, wala zisioteshwe kwa nia ya kula miche ikiwa na siku chache. Ziweke mbali na watoto, na unawe mikono kwa sabuni baada ya kuzishika.

Kujaribu mbegu kabla ya kupanda

Tandaza mbegu 10 juu ya kitambaa safi chenye unyevu, kikunje, ukiweke mahali penye ubaridi. Saladi huota kwa kawaida ndani ya siku 7. Giligilani huweza kuchukua wiki 2 hadi 3. Zikiota 8, uotaji ni asilimia 80. Iwapo idadi iko chini sana ya kiwango kilichoandikwa kwenye pakiti, rudia jaribio kwa mbegu nyingine 10. Matokeo yakiwa yale yale, rudi dukani ukiwa na pakiti na risiti. Muuzaji asipokusikiliza, wasilisha lalamiko TOSCI. Usiitupe pakiti mpaka umevuna: bila pakiti na risiti, lalamiko ni gumu kuthibitisha.

Chombo na udongo

Ndoo au dumu la mafuta ya kula lililokatwa, lenye kina cha sentimita 15 hadi 20, latosha. Litoboe chini ili maji yasituame. Usitumie kamwe chombo kilichowahi kuwekwa rangi, oili chafu au kiuatilifu. Udongo usichotwe kando ya barabara kuu, karibu na gereji au mahali palipotupwa betri, kwani huweza kuwa na risasi, madini yanayodhuru hasa ubongo wa mtoto.

Samadi iwe imeoza kabisa, haina harufu kali na inafanana na udongo mweusi. Samadi mbichi hubeba vijidudu vya kuharisha. Kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka zipite siku 120 tangu samadi mbichi kutiwa hadi kuvuna zao linalogusa udongo. Majani haya huvunwa mapema zaidi ya hapo, hivyo samadi mbichi haifai kwayo.

Kupanda

Mbegu ya saladi hupenda mwanga: ifunike kwa udongo mwembamba sana. Joto kali huizuia kuota, kwa hiyo katika miji ya pwani ioteshe kivulini. Punje ya giligilani ina mbegu mbili. Ivunje taratibu, uiloweke usiku mmoja, kisha uipande kwa kina cha sentimita 1. Kwa kuwa hutoa maua upesi wakati wa joto, panda kidogo kidogo kila baada ya wiki 3. Mnanaa ni rahisi kuupanda kwa kipande cha shina.

Maji na viuatilifu

Mwagilia asubuhi, kwenye shina badala ya majani, kwa maji safi. Maji ya mtaro au ya kisima kilicho karibu na choo yasitumike. Wadudu wachache waondoe kwa mkono au kwa maji yenye sabuni kidogo. Ukilazimika kutumia kiuatilifu, kiwe kimesajiliwa kwa zao hilo, na uheshimu idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo. Kuosha jani hakuondoi dawa yote.

Kuvuna

Kata majani ya nje kwa kisu safi, ukiacha moyo wa mmea uendelee kukua. Osha jani moja moja kwa maji safi yanayotiririka. Kama una shaka na maji ya bomba, tumia yaliyochemshwa na kupozwa. Uangalifu huu ni wa lazima zaidi kwa watoto wadogo, wajawazito na wazee, ambao huumia zaidi wanapopatwa na vijidudu hivyo.