Nairobi hadi Mombasa kwa Ndege: Masafa, Muda na Utata wa "Saa Moja"

Umbali baina ya Nairobi na Mombasa hutajwa kwa tarakimu mbili tofauti, na zote mbili ni sahihi. Msafiri wa barabarani huambiwa ni kilomita 480 hivi. Angani, kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta ulioko Embakasi hadi ule wa Moi mjini Mombasa, ni takriban kilomita 420. Barabara hufuata ardhi ikipitia Mtito Andei na Voi, ilhali masafa ya anga hupimwa kwa mstari mfupi kabisa unaowezekana juu ya mviringo wa dunia. Marubani nao hutumia maili za baharini, kila moja ikiwa mita 1,852, kwa hivyo kwao masafa yayo hayo hukaribia maili 230.

Muda ndio wenye mushkili zaidi. Ndege inayokwenda kilomita 800 kwa saa ingeyamaliza masafa hayo kwa dakika 32 hivi, lau ingeanza na kukoma kwa kasi hiyo. Ratiba, hata hivyo, huonyesha takriban saa nzima. Hesabu ya ratiba huanza ndege inapong'oka pale ilipoegeshwa na hukoma inapoegeshwa tena. Humo mna kungoja zamu ya kuruka, kupaa, kupunguza kasi na kujipanga kutua. Aidha, Embakasi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na uwanja wa Mombasa mita 60 hivi, kwa hivyo kuteremka ni kurefu kuliko kupaa. Ndege haikai sana katika kasi yake kamili. Ndiyo maana ndege ya rafadha, ijapokuwa ya polepole, haiachwi nyuma kwa kiasi ambacho mtu angetarajia.

Kwa mwanafunzi wa lugha, utata halisi huanza pale muda huo unapotamkwa. "Ndege ya saa moja" ni ipi? Yaweza kuwa ndege inayotumia dakika 60 njiani, au inayoondoka saa moja asubuhi, yaani 07:00 katika tiketi. Neno "saa" hubeba kipindi, wakati maalumu na hata chombo chenyewe kinachovaliwa mkononi. Mpangilio wa sentensi pekee hautoshi kuondoa tashwishi hiyo, na mfasiri wa ratiba asiyeizingatia humtia msafiri hasarani: anayeisoma 07:00 kuwa saa saba atawasili Embakasi adhuhuri, abiria wenzake wakiwa wamekwisha kutua Mombasa asubuhi.

Kiswahili hakikukosa dawa. Neno "mwendo", lililotokana na kitenzi "enda", huunganisha masafa na muda kwa namna ambayo "umbali" na "masafa" hayawezi. Asemaye "mwendo wa siku tatu" ametaja umbali kwa kipimo cha wakati, mradi msikilizaji ajue kama ni kwa miguu, kwa punda au kwa basi. Kadhalika, "Mombasa ni mwendo wa saa moja kwa ndege" haiwezi kudhaniwa kuwa saa ya kuondoka. Ajabu ni kwamba matangazo mengi hupendelea "masaa", wingi ambao walimu wengi wa sarufi huukataa na ambao, hata ukikubaliwa, hauna la kusaidia safari inapokuwa ya saa moja tu.