Likizo hii, mwanao atashinda wapi?

Shule zikifungwa, baba kazini, mama sokoni, mtoto yuko mtaani. Kinachofuata unakijua, msomaji.

Tatizo hili halikuanza leo. Mwaka 1898 huko New York, Marekani, mama mmoja Mbaptisti, Eliza Hawes, aliamua kuwafundisha Biblia watoto wa East Side wakati wa likizo. Jengo hakuwa nalo, akakodi ukumbi wa bia. Naam, baa! Leo mafunzo ya aina hiyo yapo makanisa chungu nzima.

Kanisa lenu likitaka kuyaendesha, shikeni mada moja wiki nzima. Mkisema safina ya Nuhu, basi iwe safina kweli kweli. Jumatatu Nuhu anaambiwa ajenge, watoto wanakata maboksi. Jumanne wanyama wanaingia, kila mtoto na mlio wake. Jumatano gharika. Alhamisi njiwa na jani la mzeituni. Ijumaa upinde wa mvua, wazazi waalikwe waone.

Wagawanyeni kwa umri. Mtoto wa miaka minne ukimhubiria saa nzima, kama hakusinzia atamfinya mwenzake. Na uji wa saa nne usikosekane, maana wengine wametoka nyumbani na chai kavu.

Kubwa kuliko yote ni usalama. Andikeni jina la kila mtoto na la atakayekuja kumchukua. Akitokea "anko" asiyejulikana, asipewe mtoto, hata kama anaijua Biblia yote kwa kichwa.