Ulinganisho wa Kiikolojia baina ya Hondohondo na Kiboko katika Wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera

Hondohondo wa msituni na kiboko wa mtoni hawafanani kwa umbo, chakula wala makazi. Hata hivyo, wote wawili hutekeleza jukumu moja la kiikolojia, yaani kuhamisha uhai na rutuba kutoka eneo moja hadi jingine.

Hondohondo (Bycanistes subcylindricus), ambaye mtawanyiko wake unafika kaskazini-magharibi mwa Tanzania, hula matunda, hasa ya mikuyu, na kudondosha mbegu mbali na mti mama. Kiboko (Hippopotamus amphibius) hula nyasi nchi kavu usiku, takribani kilo 40, kisha hunya majini. Kinyesi hicho huwalisha wadudu na samaki. Hata hivyo, maji yanapopungua, kinyesi kikilimbikizana hupunguza oksijeni na kuua samaki, kama ilivyobainika katika Mto Mara.

Wote wawili huzaliana polepole. Hondohondo jike hujifungia ndani ya tundu la mti mkubwa kwa zaidi ya miezi 3, akilishwa na dume, na kwa kawaida kinda mmoja tu hukua. Kiboko hubeba mimba kwa takribani miezi 8 na huzaa ndama mmoja.

Tofauti yao iko katika hadhi ya uhifadhi. Tangu mwaka 2006, IUCN imemworodhesha kiboko miongoni mwa spishi zinazotishiwa kutoweka. Hondohondo huyu hayumo. Hadhi hiyo haimaanishi kwamba yuko salama kila mahali, kwa kuwa hawezi kutaga pasipo mti mkubwa wenye tundu. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Miti mingi ilikatwa kwa ajili ya kuni na ujenzi. Mti mzee hauoti upya kwa miaka michache.

Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019, inalinda sehemu tu ya makazi hayo. Nje ya mipaka yake, mahitaji ya wanyama hawa hukutana ukingoni mwa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani. Ukanda huo ukiachwa, kiboko hupata malisho bila kulazimika kuingia shambani, mkulima huokoa mazao yake, na hondohondo hubakiwa na mikuyu ya kula na kutagia. Hivyo basi, kuuhifadhi ukingo ni kuwahifadhi wote wawili.